Somo: Kutambua siku ya hatari kabla pori halijawaka



Somo hili ni kwa ajili ya familia zilizohama makwao, na kwa viongozi wa Niemba na vijiji vilivyo kandokando ya reli itokayo Kalemie kuelekea Nyunzu na Kabalo. Tutajifunza namna ya kutambua mapema siku ambazo moto wa pori unaweza kukimbia na kutushinda. Pengine mmoja wenu atauliza: gazeti la amani linatafuta nini katika mambo ya nyasi na upepo?

Swali ni zuri, na jibu analo kila mtu aliyekuwa Tanganyika mwaka 2016 na 2017. Katika mapigano ya Waluba na Watwa, vijiji vilichomwa moto huku na huku. Mwezi wa pili mwaka 2017 jamii hizo mbili zilikutanishwa Kalemie kutafuta amani, lakini mapigano hayakwisha siku hiyo. Mwezi wa kumi mwaka uleule Umoja wa Mataifa uliiweka Tanganyika, pamoja na Kivu ya Kusini na Kasai, katika ngazi ya juu kabisa ya dharura. Watu waliona moshi nyuma ya miti, wakabeba watoto na sufuria, wakakimbia. Tangu wakati ule moshi si moshi tu. Ni habari, na mara nyingi ni habari ambayo hakuna aliyeihakikisha.

Lakini pori letu huwaka kila mwaka, vita iwepo au isiwepo. Mwezi wa nane mwaka 2019, dunia nzima ilipokuwa ikilia kwa ajili ya moto wa msitu wa Amazoni, setilaiti zilihesabu katika siku mbili tu alama za moto 2,127 nchini Brazili, 3,395 nchini Kongo na 6,902 nchini Angola. Wageni walishtuka. Sisi tunaoishi hapa tulijua sehemu kubwa ni nini: mashamba yanasafishwa, wawindaji wanawasha nyasi, wachoma makala wako kazini, wafugaji wanatafuta majani mapya. Kwa hiyo swali la somo letu si namna ya kuufuta moto wote. Ni namna ya kujua siku gani moto utabaki pale ulipowekwa, na siku gani utatoroka.

Tuchukue mfano

Baba mmoja amehama na watoto wake. Mwenyeji amempa kipande cha ardhi alime. Mwezi wa nane amekwisha kukata miti na majani, na yote yamekauka. Siku moja, saa saba mchana, upepo unavuma, naye anawasha. Anaona mambo mazuri, maana moto unakula upesi. Baada ya nusu saa umeruka mpaka wa shamba. Umeingia katika mihogo ya yule mwenyeji aliyemsaidia. Kisha umeingia porini, mahali ambapo familia za Watwa huchuma asali na viwavi. Ng'ambo ya mto watu wanaona moshi mkubwa unapanda. Hakuna anayejua nani amewasha wala kwa nini. Jioni kuna neno moja tu midomoni mwa watu: "Wameanza tena."

Baba huyu hakukusudia ubaya. Kama angengoja saa kumi na moja jioni, au kama angengoja siku mbili upepo utulie, pengine tusingekuwa na habari ya kusimulia. Kosa lake ni la saa na la siku. Na saa na siku ndivyo vitu ambavyo hali ya hewa hutuonyesha mapema, kama tukijua kuitazama.

Nyasi huvuta maji kutoka hewani

Watu wengi hudhani kwamba nyasi zikikauka zimekauka, basi. Sivyo. Jani lililokufa hufanya kazi kama kitambaa cha pamba: hewa ikiwa na unyevu, linaunyonya; hewa ikikauka, linaurudisha. Jani jembamba hubadilika kwa muda wa saa moja hivi. Kijiti cha unene wa kidole huhitaji karibu nusu siku. Gogo la unene wa kifundo cha mkono huhitaji siku nne au zaidi, na shina kubwa huhitaji majuma mengi.

Hapo tunapata mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, nyasi zilezile ambazo asubuhi zilikataa kuwaka kwa kiberiti zinaweza saa nane mchana kulipuka kwa cheche moja ya sigara. Mvua haikunyesha wala jua la mwezi mzima halikupita. Ni hewa tu iliyobadilika. La pili, mvua ndogo ya nusu saa katikati ya kiangazi hudanganya. Inalowesha nyasi, lakini zinakauka tena kesho yake mchana, na magogo hayakupata kitu.

Jua linapopanda, hewa hupata joto, na hewa yenye joto hukausha vitu kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu saa mbaya kuliko zote ni kati ya saa sita na saa kumi mchana. Wakati huohuo upepo nao huongezeka, kwa maana ardhi iliyopata joto huivuruga hewa na kuuteremsha chini upepo wa juu. Kwa hiyo joto, ukavu na upepo huja pamoja kama marafiki watatu. Jioni huondoka pamoja vilevile.

Katika nchi nyingi wazima moto hutumia kanuni ya 30 tatu: joto likipita digrii 30, unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 30, na upepo ukipita kilomita 30 kwa saa, moto ukianza ni vigumu kuuzima. Kanuni hii ni nzuri kwa kukumbuka, lakini ninaomba msiishike kama amri. Upepo wa kilomita 30 si wa kila siku huku kwetu, na nyasi ndefu zilizokauka hukimbiza moto hata kwa upepo wa nusu ya huo. Yakitimia mawili kati ya matatu, tayari ni siku ya kuacha kiberiti nyumbani.

Mahali penye vilima ongezeni tahadhari. Moto unaopanda mlima hukausha mbele yake majani ambayo haujayafikia. Wazima moto wa Australia hukadiria kwamba kila mteremko ukiongezeka kwa digrii 10, mwendo wa moto unaopanda huwa mara mbili. Kwa hiyo asiwashe mtu bondeni akidhani kilima kitamlinda.

Kupima bila mashine ya gharama

Upepo unapimwa kwa macho. Majani ya miti yakitikisika tu, upepo ni mdogo. Vumbi likiinuka barabarani na karatasi zikiruka, na matawi madogo yakicheza, upepo umefika kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Miti midogo mizima ikianza kuyumba, tumepita kiwango cha 30 au tuko karibu nacho. Wale wanaosukuma mizigo kwa baiskeli wanaujua upepo huu bila kufundishwa.

Unyevu wa hewa unapimwa kwa vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kitundikwe kivulini kikiwa kikavu. Cha pili, ncha yake ifungwe kitambaa chembamba cha pamba kilicholoweshwa maji safi, na mtu akipungie hewa kwa ubao au kwa daftari kwa dakika chache. Maji yanapokauka kutoka kitambaani huondoa joto, hivyo kipimajoto cha pili kitashuka. Hewa ikiwa kavu, kitashuka sana. Tuseme kikavu kinaonyesha 28 na chenye maji 22: hewa ina unyevu wa asilimia 60 hivi, na moto utaenda polepole. Tuseme kikavu kinaonyesha 30 na chenye maji 18: unyevu umebaki asilimia 30 hivi. Kikavu kikiwa 32 na cha maji 18, tuko kwenye robo tu. Basi kwa matumizi yetu shikeni hivi: tofauti ya 12 au zaidi saa sita mchana ni siku ya hatari. Shule au kituo cha afya mara nyingi kina kipimajoto. Mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuifanya kazi hii kila siku ikawa sehemu ya somo la hesabu.

Pasipo kipimajoto, chukueni majani makavu kiganjani saa nne asubuhi na kuyafinya. Yakikunjika bila kuvunjika, bado yana maji. Yakisagika kama unga, mchana wake utakuwa mbaya.

Umande nao husema. Usiku ukiwa mtulivu na wenye nyota nyingi, asubuhi miguu inapaswa kulowa nyasini. Ikiwa usiku ulikuwa wa namna hiyo na nyasi ni kavu, hewa imekauka sana na jua likipanda itakauka zaidi. Lakini angalieni: usiku wa mawingu au wa upepo hauleti umande hata hewa ikiwa na maji, basi siku hiyo dalili ya umande haitumiki.

Mwaka una vipindi vyake

Kwetu mvua huacha karibu mwezi wa tano. Mwezi huo na wa sita nyasi bado ni nusu kijani. Ukitazama shamba la nyasi ukaona zaidi ya nusu bado ni kijani, moto hauendi mbali. Unakula kidogo, unafika palipo na unyevu, unakufa wenyewe usiku. Mwezi wa saba na wa nane pepo za kusi-mashariki huvuma sana na kijani kimekwisha. Mwezi wa tisa joto linapanda na mvua bado.

Watu huogopa zaidi mwezi wa nane, lakini ningependa tuangalie kwa makini mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa na mwanzo wa mwezi wa kumi. Wakati huo mawingu ya radi huanza kujikusanya. Wakulima wanafurahi, wanaharakisha kuchoma mashamba kabla mvua haijaja. Sasa, wingu la radi likikaribia, hewa baridi huporomoka kutoka ndani yake na kutawanyika juu ya ardhi kwa nguvu. Upepo uliokuwa ukienda magharibi tangu asubuhi unageuka kwa dakika chache na kuelekea upande mwingine kabisa. Moto uliokuwa mwembamba ubavuni unakuwa uso mpana wa mbele. Na mara nyingine mvua yenyewe haifiki, au inakuja matone machache tu. Dalili ya mvua ni mawingu, ndiyo, lakini wingu likionekana nyeusi kwa mbali na ngurumo ikisikika, hiyo si saa ya kuwasha shamba.

Jambo jingine: mwaka uliokuwa na mvua nyingi huleta kiangazi chenye moto mkubwa zaidi, kwa maana nyasi zimekua ndefu. Watu hufikiri kinyume chake. Viongozi wakumbuke hili mwezi wa nne wanapopanga kazi za kufyeka, na zaidi karibu na mashamba yaliyoachwa na watu waliokimbia. Shamba lisilolimwa miaka miwili ni nyasi tupu mpaka mlangoni pa nyumba.

Kuchoma mapema ni elimu ya zamani. Mwaka 1933 watafiti wa misitu huko Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walianza kugawa pori la miombo, ambalo ni la aina moja na letu, katika vipande. Kimoja walikichoma kila mwaka mapema, majani yangali na unyevu. Kingine walikichoma mwisho wa kiangazi. Kingine hawakukichoma kabisa. Baada ya miaka mingi, kipande kilichochomwa mwisho wa kiangazi kilikuwa kimepoteza miti yake mikubwa na kubaki nyasi na visiki. Kilichochomwa mapema kilibaki na miti. Kile kilicholindwa kilifunga kuwa msitu mzito. Wababu zetu hawakuandika haya, lakini katika nchi ya Wabemba machifu walikuwa na desturi ya kuzuia moto wa mwisho wa kiangazi ili miti ya viwavi isiangamie. Kwa watu wanaoishi kwa viwavi na asali, kama ndugu zetu Watwa, moto wa mwezi wa tisa ni njaa ya mwezi wa kumi na moja. Tukumbuke pia kwamba ushuru wa viwavi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha ugomvi wa mwaka 2016. Mti wa viwavi kwetu si jambo dogo.

Redio, simu na setilaiti

Utabiri wa nchi yetu hutolewa na METTELSAT, shirika la serikali la hali ya hewa. Redio husaidia, lakini utabiri unaotajwa kwa Kalemie usiuchukue kama ulivyo. Kalemie iko ufukoni, na ziwa huipa hewa yake unyevu na kuipunguzia joto la mchana. Niemba iko bara, nyuma ya milima. Kalemie wakisema digrii 28, Niemba jiandaeni kwa zaidi.

Penye mtandao, kijana mwenye simu anaweza kufungua mambo mawili yasiyo na malipo. La kwanza ni ramani ya FIRMS ya shirika la anga la Marekani, NASA. Inaonyesha mahali ambapo setilaiti imeona joto la moto. Haitabiri kitu, inasema palipokuwa na moto setilaiti ilipopita, kwa saa chache nyuma, na moto mdogo au uliowaka kati ya mapito mawili huenda isiuone. La pili ni mfumo wa dunia wa habari za moto uitwao GWIS, wa Umoja wa Ulaya. Huu ndio utabiri wenyewe: unachukua joto, unyevu, upepo na mvua ya saa 24, unakadiria jinsi majani na magogo yalivyokauka, kisha unapaka nchi rangi kwa siku zijazo. Hesabu yake ilibuniwa Kanada kwa misitu ya kule, kwa hiyo rangi yake isiaminiwe kuliko macho yenu. Itumieni kujua kama kesho itakuwa mbaya kuliko leo.

Ramani ya FIRMS ina faida nyingine inayotuhusu sisi wa kazi ya amani. Uvumi ukija kwamba "wamechoma kijiji fulani", kiongozi anaweza kuangalia. Akiona alama za moto kumi na tano zimejipanga kama mstari porini, zikisogea upande upepo unakokwenda, huo una kila dalili ya moto wa pori. Haithibitishi mia kwa mia, wala haimtaji aliyewasha. Lakini inatosha kusema: "Ngojeni tupige simu kwanza."

Shamba lichomwe namna gani

Hapa pana ugumu wa kweli. Mkulima anahitaji majani yakauke, ama sivyo hayataungua. Kumwambia achome mwezi wa tano ni kumwambia asilime. Basi yeye ataendelea kuchoma mwezi wa nane na wa tisa, ila achague siku na saa.

Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na nusu jioni, upepo ukishalegea. Wengine hupenda asubuhi, na ni kweli asubuhi kuna utulivu, lakini moto wa asubuhi unakua pamoja na jua, ambapo moto wa jioni unakutana na usiku na umande. Kwanza alime mkanda mtupu kuzunguka shamba, hatua tano au zaidi, na uwe mpana zaidi upande ambao upepo unakwenda. Aanzie kuwasha upande huohuo ambao upepo unakwenda, ili moto urudi nyuma polepole ukipigana na upepo. Asiwashe pande zote kwa mara moja. Awe na watu, matawi mabichi na maji. Majirani wote waambiwe siku iliyotangulia, na hasa wale ambao hawaelewani naye.

Kisha alinde. Magogo yanalala na moto ndani yake. Usiku yanaonekana majivu tu. Kesho yake saa saba, hewa ikikauka, yanaamka na upepo unachukua makaa. Mioto mingi inayoitwa ya ajabu, ambayo "haina mwenyewe", ni ya jana. Shamba lilindwe siku mbili, na tanuri la makala mpaka lipoe kabisa.

Kwa wale wanaoishi katika kambi, nyumba za nyasi na maturubai ziko karibu mno. Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika ya msaada, unataka nafasi ya mita 30 isiyojengwa kila baada ya mita 300 za makazi, na angalau mita 2 kati ya nyumba na nyumba. Najua mahali pengi hakuna nafasi hiyo. Basi angalau nyasi zifyekwe hatua kumi na tano kuzunguka kambi kabla ya mwezi wa saba, na siku ya hatari akina mama wapike kabla ya saa tano, majivu yamwagiwe maji.

Watu watatu na vikapu viwili

Mtu mmoja akitangaza peke yake kwamba leo hakuna kuwasha moto, wengine watasema anataka kutawala. Ndiyo sababu ninapendekeza kazi hii iwekwe mikononi mwa baraza la jamii zote. Lichague watu watatu: mmoja wa Waluba, mmoja wa Watwa, na mmoja kutoka familia zilizohama. Angalau mmoja awe mwanamke, kwa kuwa akina mama ndio wanaotafuta kuni na ndio wa kwanza kuona nyasi zilivyo. Wote watatu wakutane saa nne asubuhi mahali pamoja panapoonekana, kama sokoni au karibu na stesheni ya reli. Wafinye majani, watazame miti, wasome vipimajoto, wakubaliane. Saa sita warudie.

Matokeo yaonyeshwe kwa vikapu vilivyotundikwa juu ya mti mrefu. Hakuna kikapu: siku ya kawaida. Kikapu kimoja: achomaye awe na watu na angoje jioni. Vikapu viwili: hakuna moto wa shamba, wa kuwinda wala wa makala mpaka vishushwe. Ninapendelea vikapu kuliko vitambaa vya rangi. Katika miaka ya mapigano, vitambaa kichwani na mkononi vilikuwa alama za wapiganaji, na hatutaki mtoto aone kitambaa juu ya mti akaanza kukimbia.

Watatu hawa wasiwe polisi. Wasitoze faini. Atakayewasha siku ya vikapu viwili apelekwe mbele ya baraza, na shefu wa kijiji asimhukumu peke yake kama mtu huyo ni wa jamii nyingine. Kosa la moto likiingia katika shamba la mtu, fidia izungumzwe juu ya mihogo iliyoungua, si juu ya kabila la aliyeunguza.

Kisha wawe na daftari. Kila siku waandike: umande au hakuna, upepo, tofauti ya vipimajoto, idadi ya vikapu, na kama moto ulionekana, upande gani na saa ngapi. Baada ya kiangazi kimoja daftari hilo litajua Niemba kuliko utabiri wowote wa mbali. Na siku moshi mkubwa utakapopanda ng'ambo ya mto, mtu wa kwanza kuulizwa awe mwenye daftari: leo ilikuwa siku ya vikapu vingapi? Ikiwa ilikuwa siku ya viwili, na upepo ulielekea huko, basi moto wa bahati mbaya unawezekana sana. Ikiwa ilikuwa siku ya umande, isiyo na upepo, na moto umewaka mahali pengi kwa mara moja, hapo viongozi wana sababu ya kuuliza maswali mengine, na kuuliza upesi.

Msitegemee rangi ya moshi. Moshi mweupe huonyesha majani mabichi au yenye maji, na plastiki ya turubai hutoa moshi mweusi. Lakini nyumba ya nyasi huungua kama pori linavyoungua, moshi uleule. Aliye mbali hawezi kujua.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Ni lini mara ya mwisho mlikimbia, au mlitaka kukimbia, kwa sababu ya moshi? Baadaye mlijua ulitoka wapi?

Katika kijiji au kambi yenu, moto wa kiangazi kilichopita ulianzia wapi zaidi: mashambani, uwindaji, makala, au majikoni? Ulianza saa ngapi?

Nendeni nje sasa hivi, kila mmoja afinye majani makavu na kutazama miti. Kila mtu aseme idadi ya vikapu kabla hajasikia ya mwenzake. Mmetofautiana wapi?

Ni nani kutoka jamii ile nyingine mngeweza kumpigia simu leo usiku kumwuliza, "Moshi huo ni wa nini?" Kama hayupo, mnaweza kumpata kabla ya mwezi wa saba?